Ngozi ya Mfanya Kazi Si Maabara



Katika mkutano wa mwisho wa tawi letu, dada mmoja wa idara ya kufunga mizigo alisimama akauliza swali. Alisema: "Chama chetu kinashughulikia mishahara, likizo na malipo ya saa za ziada. Je, hakiwezi kutusaidia kujua kilichomo ndani ya mafuta na krimu tunazojipaka?" Watu wengi walicheka. Mzee mmoja, ambaye mimi namheshimu sana, alisema kwamba mambo ya krimu ni mambo ya wanawake na ya nyumbani, hayana nafasi katika mkutano wa wafanya kazi. Mwenyekiti akaendelea na shauri lingine, na yule dada akaketi.

Mimi sikucheka, lakini pia sikufungua mdomo kumsaidia. Kwa sababu ya kunyamaza kwangu siku ile, naandika leo. Naona swali lile lilikuwa la maana, na jibu lake ni kwamba ndiyo, chama kinaweza, tena kinapaswa.

Kwanza tusidanganyane kwamba vipodozi ni vya wanawake tu. Wewe mwanamume unayesoma ukurasa huu, asubuhi umeoga kwa sabuni. Umejipaka mafuta ili usitoke nyumbani na ngozi iliyopauka. Jumamosi kinyozi atakupaka dawa yake kichwani na poda shingoni. Mtoto wako mchanga hupakwa mafuta tangu siku za kwanza za maisha yake. Vitu hivi vyote ni vipodozi, na ngozi haiulizi kama wewe ni bwana au bibi. Inachopakwa, sehemu yake huweza kupita ikaingia katika damu.

Sumu inaweza kuingia katika vitu hivyo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni uchafu usiotiwa kwa kusudi. Rangi nyingine za vipodozi hutokana na madini, na madini yasiposafishwa vizuri huweza kuwa na risasi ndani yake. Poda hutengenezwa kwa jiwe laini liitwalo talki, na mahali pengine ardhini jiwe hilo hukaa pamoja na asbesto, ambayo huleta saratani. Njia ya pili ni mbaya zaidi, maana ni ya kukusudia: mtu hutia sumu kwa sababu inamletea faida, kisha haiandiki juu ya kopo. Leo nataka kusema juu ya sumu moja ya namna hii, kwa sababu habari zake zimeandikwa hapa hapa kwetu. Sumu hiyo ni zebaki.

Zebaki hutiwa katika krimu na sabuni za kung'arisha ngozi. Kazi yake ni kuzuia mwili usitengeneze ile rangi nyeusi ambayo Mungu ametupa iwe kinga ya jua. Mtu huona uso wake unakuwa mweupe kidogo, akafurahi. Lakini zebaki haikai usoni. Huingia mwilini ikakusanyika katika figo, na figo ndizo zinazochuja damu yetu. Zikiharibika, mtu huvimba uso na miguu, na mkojo wake hutoka na povu. Wengine hutetemeka mikono, hukosa usingizi, husahau mambo na huwa na hasira zisizo na sababu. Mama mwenye mimba huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Hata wasiojipaka hawako salama, maana zebaki hubaki katika taulo na mashuka, na mvuke wake huvutwa na watoto wanaolala chumba kimoja na mama yao.

Haya si maneno ya barabarani. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitoa katika jarida la madaktari la Uingereza habari za wagonjwa 60, watu wazima, waliotibiwa ugonjwa wa figo katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Walipowauliza wagonjwa habari za maisha yao, waliona kwamba zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Wengine walipoacha krimu hizo, ugonjwa wao ulitulia. Kwa hivyo jambo hili lilijulikana mjini Nairobi zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Baadaye akaja daktari wa Kijapani, Masazumi Harada, aliyetumia maisha yake kuwahudumia watu wa Minamata. Minamata ni mji wa pwani ya Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaila, na watu waliokula samaki hao wakapooza, wakapofuka na kufa. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Yeye na wenzake walipima nywele za watu wa pande za Ziwa Victoria, na habari zao zikatolewa mwaka 2001. Mtu angetazamia kwamba waliokuwa na zebaki nyingi kupita kiasi wangekuwa wavuvi, kwa sababu ya samaki, au wachimbaji wa dhahabu, ambao hutumia zebaki kazini. Lakini sumu kubwa ilionekana kwa watumiaji wa sabuni ya kung'arisha ngozi.

Na sabuni yenyewe ilitoka wapi? Ilitengenezwa Ulaya. Hapa naomba msome polepole. Nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilikuwa zimekataza zebaki katika vipodozi vya watu wao tangu mwaka 1976, isipokuwa kiasi kidogo sana katika vipodozi vya macho. Marekani nayo ilikataza krimu za zebaki za kung'arisha ngozi mwaka 1973. Lakini katazo la kwao halikuzuia viwanda vya Ulaya kutengeneza sabuni hiyo na kuileta Afrika. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2003 ndiyo iliyokataza sabuni za zebaki zisipelekwe nje. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi kitu kilichokuwa sumu kwa ngozi ya mfanya kazi wa kule kilikuwa bidhaa halali kwa ngozi ya mfanya kazi wa Kisumu. Sisi tunaopigania haki ya kazi tunaijua sana tabia hii ya kuwa na vipimo viwili.

Sasa mtu atasema: hayo ni ya zamani, leo iko sheria. Ni kweli, na sheria ni nyingi. Hapa Kenya krimu na sabuni zenye zebaki zilipigwa marufuku mwaka 1998. Kiwango cha Afrika Mashariki kiitwacho EAS 377 kina orodha ya vitu visivyoruhusiwa katika vipodozi. Mkataba wa Minamata, uliokubaliwa na mataifa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, ulitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni viondolewe sokoni kufikia mwaka 2020. Mwaka 2023 mataifa yalikutana Geneva yakakubaliana kuondoa hata kile kipimo cha sehemu 1, ili kipodozi kilichotiwa zebaki kisikubaliwe kabisa kuanzia mwaka 2025. Na Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yasema mnunuzi ana haki ya kupata bidhaa nzuri, ana haki ya kujulishwa habari zake, na ana haki ya kulindwa afya yake.

Basi kwa nini krimu hizi bado hukamatwa mipakani na madukani? Kwa sababu sheria haiwezi kufungua kopo na kuangalia kilichomo. Zebaki iliyochanganywa katika krimu haionekani kwa macho, haina harufu, na aliyeitia hawezi kuandika jina lake. Njia ya kuijua kwa hakika ni moja tu: kupima.

Nimemuuliza mtu afanyaye kazi ya maabara anieleze jinsi wanavyopima, nami naeleza kwa maneno ya kawaida. Huchukuliwa krimu kidogo, ikapimwa uzito, kisha ikayeyushwa kwa asidi kali. Zebaki iliyomo hugeuzwa kuwa mvuke. Mvuke huo hupitishwa katika bomba, na taa ya namna ya pekee ikaangaza ndani yake. Mvuke wa zebaki humeza mwanga wa taa ile, na kadiri mwanga unavyomezwa zaidi, ndivyo zebaki ilivyo nyingi. Kiko pia chombo cha kushika mkononi, mfano wa bastola, kinachotoa miale na kusema kwa dakika chache kama krimu ina zebaki nyingi au la. Chombo hicho chafaa sana mpakani na sokoni kwa kuchuja bidhaa nyingi upesi, lakini kwa kiasi kidogo neno la mwisho ni la maabara.

Hesabu yake nayo ni rahisi. Sehemu 1 katika milioni ni kama gramu 1 ndani ya tani nzima ya krimu. Ikiwa sabuni ina zebaki asilimia 1, hiyo ni sehemu 10,000 katika milioni, yaani mara 10,000 ya kile kipimo cha mkataba wa kwanza. Hapa hatusemi juu ya chembe iliyopotea njia ikaingia kwa bahati mbaya. Twasema juu ya kitu kilichotiwa kwa kijiko.

Watu wengine watajibu kwamba bidhaa nyingi zina alama ya ubora, na kwamba hiyo yatosha. Mimi nasema alama ni nzuri, na tusinunue kitu kisicho nayo. Hata nambari ya kibali iliyo chini ya alama yaweza kuhakikishwa kwa kutuma ujumbe wa simu kwa Shirika la Viwango, nambari 20023. Lakini tusisahau kwamba cheti hutolewa kwa sampuli iliyopimwa siku ile. Hakisemi neno juu ya kopo lililotengenezwa miezi sita baadaye. Hakisemi neno juu ya kopo la bandia lililobandikwa alama ya kuiga. Wala hakisemi neno juu ya mafuta ya kupima, ambayo wengi wetu hununua mwisho wa mwezi ukikaribia: muuzaji huchota kutoka ndoo kubwa akakutilia katika chupa yako mwenyewe, bila jina, bila tarehe, bila anwani ya kiwanda. Mkubwa hununua kopo zima lenye maandishi. Sisi hununua mafuta ya shilingi kumi. Kwa hivyo hatari huja kwanza kwa yule mwenye mshahara mdogo.

Kipimo cha kweli ni kile kinachochukuliwa kutoka rafu ya duka, sokoni na kibandani, bila kumpigia mwenye mali simu kwanza, tena mara kwa mara. Na majibu yake yatangazwe kwa jina la bidhaa na nambari ya toleo, kwa Kiswahili, mahali ambapo mtu wa kawaida atayaona. Majibu yanayofungiwa katika kabati la ofisi hayamwokoi mtu yeyote. Kama sisi wenyewe hatupimi kabla ya kuuza, basi tumeamua kupima juu ya ngozi za watu, na majibu tutayasoma wodini.

Sasa nije kwa yule mzee wetu aliyesema hili si shauri la chama. Kwa heshima yote, nataka kumpa sababu nne.

Ya kwanza, wenzetu wanafanya kazi na vitu hivi. Wako wanaochanganya krimu viwandani, wako wanaouza madukani, na wako dada wa saluni ambao mikono yao imo ndani ya dawa tangu saa mbili asubuhi mpaka usiku. Mteja hupakwa mara moja, lakini wao hupaka vichwa kumi kwa siku. Kwao hii ni hatari ya kazi, sawa na vumbi la saruji au kelele za mashine.

Ya pili, waajiri wengine hutupa sabuni na mafuta ya mikono kazini. Ni haki yetu kuuliza karatasi ya maabara iko wapi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Kamati hizo zisikutane kwa kunywa chai tu. Swali la sabuni liwekwe katika orodha ya mambo yao.

Ya tatu, mfanya kazi mmoja hawezi kulipia kipimo cha maabara. Gharama yake yaweza kula sehemu kubwa ya mshahara wa kibarua. Lakini wanachama mia tatu wakitoa shilingi chache kila mmoja, makopo matano yatapimwa. Je, si hii ndiyo maana ya chama? Jambo lisilowezekana kwa mtu mmoja huwezekana kwa wengi. Haba na haba hujaza kibaba.

Ya nne ni ngumu kuisema, lakini nitaisema. Kwa nini dada zetu, na siku hizi ndugu zetu pia, hununua krimu hizi? Wengine watasema ni ujinga. Mimi sikubali. Tazameni ni nani huwekwa mbele katika mapokezi ya ofisi na hoteli, na ni nani hupelekwa nyuma jikoni na stoo. Tazameni picha zilizobandikwa juu ya maduka. Mwajiri akiandika kwamba anataka msichana "wa kupendeza," wote wanaelewa anasema nini ijapokuwa hakutaja rangi. Msichana anayetafuta kazi anaisoma ile alama, naye anafanya hesabu yake: krimu ya shilingi mia mbili, na labda kazi. Huyo si mjinga. Ametiwa katika soko ambalo ngozi yake imekadiriwa bei. Chama kinachopigania mshahara sawa kwa kazi sawa hakiwezi kunyamaza hapo. Tuwaambie waajiri wazi wazi kwamba mtu aajiriwe kwa kazi ya mikono yake na akili zake.

Yako maneno mengine niliyosikia baada ya mkutano: kwamba tukianza kupima, akina mama wenye vibanda watanyang'anywa mali yao na watakosa chakula. Neno hili ni la haki, na hapana budi tulijibu. Mama wa kibanda hakutia zebaki katika krimu. Yeye pia amedanganywa, tena huishika kila siku. Tunataka njia ya mali ifuatwe kurudi nyuma, kutoka kibandani mpaka kwa mwenye duka la jumla, kutoka kwake mpaka kwa aliyeingiza nchini, na kutoka kwake mpaka kiwandani. Kumchomea mama sanduku moja huku kontena inapita bandarini ni kazi bure.

Kwa hivyo naleta mapendekezo haya kwa halmashauri ya tawi. Kwanza, litengwe fungu dogo la fedha kununua sampuli katika maduka na masoko tunayonunua sisi wenyewe, zipelekwe maabara inayotambuliwa, na majibu yachapwe katika gazeti letu hili, mabaya na mazuri. Pili, tuandike barua kwa Shirika la Viwango kuomba majibu ya vipimo vyao vya madukani yatangazwe kila mara. Tatu, katika mapatano yetu mapya na mwajiri, kiwemo kifungu juu ya sabuni na mafuta ya kazini. Nne, wafanya kazi wa saluni wanaotuzunguka, ambao wengi hawana chama, waalikwe kuja kusikiliza na kusema.

Wakati tunangojea hayo, kila mmoja ajilinde. Soma maandishi ya kopo. Ukiona neno kama "mercury," "calomel," "mercuric," "mercurous" au "mercurio," liache. Ukiona onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha au aluminiamu, jua kwamba huenda zebaki imo, maana zebaki hushikana na madini hayo. Kama kopo halina maandishi ya vitu vilivyomo, liache pia. Kama umekuwa ukitumia, usione haya. Nenda hospitali umwambie daktari wazi, apime mkojo na figo zako. Usiichome krimu hiyo motoni, kwa sababu moshi wake utabeba sumu. Ifunge vizuri katika mfuko, iweke mbali na watoto, na umuulize afisa wa afya mahali pa kuipeleka.

Ndugu zangu, mashine mpya ikiletwa kiwandani, fundi huijaribu kwanza kabla hatujaweka mikono yetu ndani yake. Bosi mwenyewe hukubali jambo hilo, kwa sababu mashine ni ghali. Ngozi ya mfanya kazi haiuzwi dukani, wala figo zake hazina vipuri katika stoo. Basi iwe ni haki yetu kwamba kitu kijaribiwe kabla ya kufika mwilini mwetu.

Na kwa yule dada aliyecheksha watu bila kutaka: mkutano ujao uliza swali lako tena. Safari hii nitasimama karibu nawe.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwanachama mwenzenu.